MRI bila koili njema ni kiziwi wa bei ghali

Wahenga walituachia usia kwamba kuuliza si ujinga. Leo ninalo swali ambalo limenikereketa moyoni tangu siku niliyompeleka dada yangu kupigwa picha ya mgongo. Je, sisi walimu wa fizikia tunawafundisha wanafunzi wetu ili wajue kutenda, ama tunawafundisha ili wapite mtihani na kusahau?

Dada yangu amechuma majanichai hapa Kapkatet kwa zaidi ya miaka 20. Kila anayeishi katika nchi hii ya chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, anajua kazi hiyo inavyouadhibu mgongo. Mtu huinama tangu alfajiri, kikapu kikizidi kuwa kizito kadiri jua linavyopanda. Siku moja mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi. Daktari akatuambia kwamba bila picha ya MRI hawezi kujua ni nini kinachoubana mshipa wa fahamu.

Tuliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, tukapanda matatu kupitia Litein na Kericho hadi katika hospitali ambayo sitaitaja jina. Tulilipa ada, tukangoja hadi alasiri. Dada akaingizwa ndani ya mashine, akatolewa, akaingizwa tena. Hatimaye mtaalamu wa picha akatoka, uso umemsawijika, akaniambia kwa upole, “Mwalimu, mashine ni nzima. Lakini koili ya mgongo imekufa. Tumejaribu kutumia ile kubwa iliyomo ndani ya mashine, na picha zimetoka na chengachenga tupu.”

Daktari alipozitazama picha hizo hakuweza kuapa iwapo aliona diski iliyoteguka au kivuli tu. Tukaambiwa turudi kipuri kitakapowasili kutoka ng'ambo. Tulirudi mara mbili bila mafanikio, na zaidi ya miezi miwili ikapita kabla hajapata picha safi kwingineko. Diski ilikuwa imeubana mshipa kwelikweli. Alifanyiwa upasuaji, maumivu yakapungua, lakini hadi leo anachechemea. Daktari alisema hawezi kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikomlemaza. Nami sitamlaumu mtu. Ila sijaacha kujiuliza.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa kile kifaa chenyewe kilichokufa. Nilikiona kimewekwa kando. Kilikuwa bamba refu lililofunikwa kwa plastiki, lenye waya mnene unaotoka upande mmoja. Nilipouliza kilicho ndani, niliambiwa kuwa ni vitanzi vya shaba, kapasita na amplifaya ndogondogo, na kwamba hitilafu ilikuwa katika waya wa kuunganishia, uliochoka kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila siku. Vitanzi vya shaba na kapasita! Mambo ambayo kwa miaka mingi nimeyachora ubaoni kwa chaki. Nilijiona kama mpishi aliyekaa na njaa kando ya ghala.

Naomba basi nieleze kidogo jinsi mashine hii inavyofanya kazi, kwa kuwa hoja yangu yote imejengwa juu ya maelezo hayo.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, ambayo hutenda kama sumaku ndogo mno. Mtu anapolazwa ndani ya sumaku kubwa, protoni hizo huelekea kujipanga kufuata uga wa sumaku hiyo. Nasema huelekea tu, kwa maana hazitii amri zote. Katika mashine ya tesla 1.5, ambayo ni ya kawaida hospitalini, ziada ya zile zinazofuata uga juu ya zile zinazoupinga ni takriban 5 katika kila milioni moja. Picha yote ya daktari inategemea ziada hiyo ndogo.

Kisha mawimbi ya redio hupelekwa mwilini, na protoni hizo huanza kuyumba pamoja mfano wa pia inayozunguka. Masafa ya kuyumba huko hutegemea nguvu ya sumaku, yaani takriban megahezi 42.58 kwa kila tesla moja. Kwa hiyo mashine ya tesla 1.5 husikiliza katika megahezi 64 hivi, na ile ya tesla 3 katika megahezi 128 hivi. Sisi tunaosikiliza Chamgei FM na Kass FM tunajua kwamba stesheni zetu zimo kati ya megahezi 88 na 108. Kumbe MRI ni jirani ya redio tunazozijua! Ndiyo maana chumba chake hufunikwa kwa kizimba cha shaba au madini mengine, ili matangazo ya nje yasiingie na kuuzima mnong'ono wa protoni.

Na mnong'ono huo husikika vipi? Husikika kwa koili. Sumaku zinazoyumba karibu na kitanzi cha shaba huzalisha umeme mdogo ndani yake. Kanuni hii aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, na kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyesoma fizikia ameikariri. Kitanzi hicho huunganishwa na kapasita ili kiitikie masafa yale tu yanayotakiwa, sawasawa na tunavyozungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni. Sumaku ya mamilioni ya shilingi ni mwili; kompyuta ni ubongo; koili ndiyo sikio. Mashine yenye sumaku bora na koili mbovu ni kiziwi wa bei ghali.

Hapa ndipo penye hekima ambayo ningependa kila mwalimu aifahamu. Kwa muda mrefu wahandisi walikuwa na chaguo gumu. Koili kubwa huona eneo pana la mwili, lakini pia husikia kelele za eneo hilo lote, kwa sababu mwili wenyewe, ukiwa na joto na chumvi, hutoa kelele za umeme. Koili ndogo husikia vizuri sana palipo karibu nayo, na kelele zake ni chache, lakini haioni mbali. Ukitaka uti wote wa mgongo, kubwa inakupa picha yenye chengachenga, nayo ndogo inakupa kipande tu.

Mchumachai angelitatua fumbo hili kwa urahisi. Shamba kubwa halichumwi na mtu mmoja mwenye mikono mirefu. Huchumwa na watu wengi, kila mmoja katika mstari wake, karibu na kichaka chake, akichagua majani mawili na chipukizi. Jioni vikapu vyote hupelekwa kituoni, vikapimwa na kujumlishwa. Ndivyo walivyofanya Peter Roemer na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi na kampuni ya General Electric nchini Marekani. Mwaka 1990 walichapisha makala kuhusu safu ya koili ndogo zinazosikiliza kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na amplifaya yake, kisha ishara zao zikajumlishwa kwa kuipa uzito zaidi ile koili inayosikia vizuri zaidi kila mahali. Safu moja waliyoitumia kuonyesha hayo ilikuwa ya koili 4 zilizopangwa kando ya uti wa mgongo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini wachumaji waliosongamana hupiga soga wakaharibu kazi. Koili nazo ni vivyo hivyo. Ukiweka vitanzi viwili karibu, kimoja huingiza umeme katika kingine, vyote viwili vikaacha masafa yao, na usikivu ukaharibika. Dawa waliyoitumia inapendeza kwa wepesi wake: vitanzi jirani hupishanishwa, kimoja kikalalia kingine kidogo, hadi uga unaopita katika sehemu iliyolaliana ufutane na ule unaopita upande wa pili. Kwa vitanzi vya mviringo, hali hiyo hupatikana umbali kati ya vitovu vyake unapokaribia robo tatu ya kipenyo. Kwa majirani wa mbali zaidi, amplifaya zilizobuniwa mahsusi huzuia umeme usizunguke kwa wingi ndani ya kitanzi, na soga ikapungua.

Fauka ya hayo, safu hizo zilileta neema nyingine. Kwa kuwa kila koili husikia kutoka mahali pake, kompyuta inaweza kutumia tofauti hizo kukamilisha picha hata pale mashine inaporuka baadhi ya vipimo. Daniel Sodickson alionyesha njia moja mwaka 1997, naye Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich wakaonyesha nyingine mwaka 1999. Muda wa kulala ndani ya mashine ukapungua, ingawa kasi hiyo hulipiwa kwa ishara kidogo. Bila safu, njia iliyobaki ya kupunguza kelele ni kurudia kipimo na kutafuta wastani, na hapo hesabu ni katili: ukitaka ubora wa ishara mara mbili, sharti urudie mara nne. Mgonjwa anayeumwa na mgongo hawezi kutulia mara nne zaidi.

Nimeeleza haya yote ili nifikie jambo moja. Hakuna hata hatua moja katika maelezo hayo inayohitaji fizikia ambayo mwanafunzi hodari wa sekondari hawezi kuifuata. Hata hivyo, tunawalea vijana wakiamini kwamba mashine ya hospitali ni muujiza wa ng'ambo, unaoshushwa kwenye lori na kufunguliwa kwa utepe na hotuba.

Tumeona matokeo ya imani hiyo. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 2 katika kila kaunti. Kamati ya Seneti ilipouchunguza na kutoa ripoti mwaka 2020, ilibainika kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bila kutumiwa kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Sisemi vifaa hivyo havikumfaa mtu, viliwafaa wengi. Nasema kwamba kifaa kisicho na mtu anayekielewa ni mgeni asiyejua lugha ya nyumbani.

Kuna watakaosema kwamba naota ndoto za mchana, kwamba Mwafrika hajengi MRI. Hao nawaelekeza kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Dkt. Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Leiden na Delft nchini Uholanzi na wa Marekani, waliunganisha mashine ya MRI papo hapo chuoni kwa siku 11. Sehemu zake zililetwa zikiwa vipande, na ramani zake ni za wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Badala ya sumaku kubwa inayopozwa kwa heliamu ya majimaji, walitumia sumaku ndogondogo za kudumu zilizopangwa katika duara. Lengo kuu lilikuwa watoto wachanga wenye vichwa vilivyojaa maji, maradhi yanayowatesa wengi Uganda na ambayo daktari anaweza kuyapanga tiba hata kwa picha isiyo na maelezo mengi.

Uga wa mashine hiyo ni takriban tesla 0.05, yaani mara 30 chini ya ule wa tesla 1.5. Ishara nayo hupungua kwa zaidi ya mara 30, kwa sababu protoni chache hujipanga na pia huyumba polepole, katika megahezi 2 na ushei, juu kidogo tu ya masafa ya kati ya redio za zamani. Katika hali hiyo mwili wa mgonjwa hauna kelele nyingi. Mpiga kelele mkuu ni koili yenyewe, kutokana na ukinzani wa waya wake. Kwa hiyo aina ya waya na jinsi ulivyozungushwa huwa jambo la kufa na kupona. Kwa bahati njema, mpangilio wa sumaku hizo huruhusu koili ya kuzungushwa kama chemchemi kumzunguka mgonjwa, ambayo ni sikivu kuliko nyingine nyingi. Kadiri sumaku inavyokuwa dhaifu, ndivyo maarifa ya mtengeneza koili yanavyozidi kuwa na thamani. Kwa nchi maskini, basi, maarifa hayo ndiyo mtaji.

Sharti nikiri mambo mawili. Kwanza, mashine ya aina ya Mbarara haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya tesla 1.5. Mgongo wa dada yangu ulihitaji mashine kubwa yenye safu nzima ya koili. Pili, mtu asinielewe vibaya akadhani ninataka koili iliyotengenezwa na wanafunzi iwekwe juu ya mgonjwa. La hasha! Koili isiyotengwa vizuri wakati mashine inaporusha mawimbi yake inaweza kumchoma mtu, na ndiyo sababu vifaa hivi hupimwa na kuidhinishwa kwa makini. Ninachotaka ni watu: mafundi watakaojua koili imeugua kabla haijafa, wahandisi watakaoikarabati kwa idhini na kwa vipimo, na wakuu wa hospitali watakaojua kwamba mkataba wa mashine usiotaja vipuri vya koili ni mkataba nusu.

Watu hao hawaoti kama uyoga. Huanzia darasani. Chini ya mfumo wa 8-4-4, wanafunzi wengi waliiacha fizikia walipoingia Kidato cha Tatu, na usumakuumeme ulifundishwa wale wachache waliobaki wakikimbizana na mtihani. Sasa mtaala wa umilisi umefika Gredi ya 10, na mkondo wa sayansi na teknolojia unaahidi kutenda kuliko kukariri. Ahadi ni deni. Deni hilo litalipwa na mwalimu, hata kama maabara yake haina vifaa vingi.

Mwalimu mwenzangu, jaribu hili wiki ijayo. Zungusha waya mwembamba wenye ngozi ya rangi mara 30 kwenye kadibodi ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 20. Tengeneza kitanzi cha pili kinachofanana nacho. Kimoja kiunganishe na mahali pa kuchomekea visikizi katika redio, ukiweka kirezista kidogo katikati ili redio isiumie. Cha pili kiunganishe na amplifaya yenye spika. Vitanzi vikilala kimoja juu ya kingine, matangazo yatasikika katika spika ingawa hakuna waya unaoviunganisha. Sasa telezesha kimoja polepole. Umbali kati ya vitovu ukikaribia sentimita 15, sauti itafifia hadi karibu kutoweka. Ukizidi kutelezesha, itarudi. Pale palipo kimya ndipo majirani wawili wanapoacha kusemezana. Mwanafunzi aliyesikia kimya hicho kwa masikio yake ameelewa siri ya safu ya koili kuliko aliyeandika kurasa kumi.

Nilipofanya jaribio hilo darasani kwangu, msichana mmoja aliyekuwa hajawahi kuinua mkono katika somo langu aliniuliza, “Mwalimu, na tukiweka vitanzi vitatu?” Nilimwambia aende ajaribu. Alikaa maabara hadi kengele ya chakula cha jioni ikalia.

Tuna nini hapa kwetu cha kumwendeleza msichana kama huyo? Tuna zaidi ya tunavyodhani. Tunacho chuo cha mafunzo ya utabibu papa hapa Kapkatet, na Chuo Kikuu cha Kabianga hakiko mbali. Tuna viwanda vya chai vyenye mafundi wa umeme ambao huziamsha mota zilizokufa kila msimu, kwa kuzifungua na kuzizungushia waya upya. Mtu anayejua kuzungusha waya wa mota tayari ameshika nusu ya kazi ya koili mikononi mwake. Linalokosekana ni mlango kati ya kiwanda, chuo na shule. Kaunti na ziufungue mlango huo. Hospitali nazo, zinapotupa koili iliyokufa, zisiitupe jalalani. Zikishahakikisha kwamba ni safi na haiwezi kurudishwa kazini, ziitoe kwa vyuo na shule ili vijana waifungue waone kilichomo ndani. Maiti ya kifaa ni kitabu kizuri.

Waliosema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakutukataza kununua. Tutaendelea kununua sumaku, na heri tuzinunue nzuri. Lakini sikio la mashine hiyo ni shaba iliyokunjwa kwa akili, na akili haina kiwanda kingine isipokuwa darasa.

Dada yangu bado hupita mbele ya shule yetu akielekea kituo cha kununulia majanichai, akichechemea, kikapu kikiwa chepesi kuliko zamani. Hunisalimu, nami humwitikia. Kila mara ninapomwona huikumbuka ile koili iliyolala kando ya ukuta kwa sababu ya waya mmoja uliochoka, na kisha hurudi darasani kuwagawia wanafunzi wangu kadibodi na shaba.